Pindo la Uzi Mwekundu

Kila fundi cherehani ana kiburi chake, na kiburi cha huyu kilikaa kwenye pindo. Wenzake walijisifia kola, wengine mikono iliyokaa bila kukunjamana. Yeye ukimletea gauni lililoshonwa na mtu mwingine, jambo la kwanza alilipindua chini, akatazama ndani, akaguna. Mguno ule ulishawahi kugombanisha watu na mafundi wao wa miaka mingi. "Nje ni ya wapita njia," alikuwa akisema. "Ndani ni ya mwenye nguo." Mtaa mzima ulimwita Fundi, kana kwamba wale mafundi wengine wawili wa mtaa ule walikuwa wanauza vitunguu.

Magauni ya mama yake aliyamalizia pindo kwa mkono, kwa uzi mwekundu, hata kitambaa kiwe cha rangi gani. Halikuwa pambo. Macho ya mama yalikuwa yamefifia, na kwa muda mrefu bi mkubwa alikuwa akitoka nyumbani amevaa gauni ndani nje, watu wanamwamkia huku wanajiuma midomo wasicheke. Nyekundu ndiyo rangi pekee aliyoiona bado vizuri. "Ukiona nyekundu, mama, ujue huko ni ndani," Fundi alimwambia, na tangu siku hiyo mama hakukosea tena. Duniani kote hapakuwa na mtu mwingine aliyeshonewa pindo la namna ile. Fundi alikuwa na hakika na jambo hilo kama alivyokuwa na hakika na vidole vyake mwenyewe.

Mama aliishi kwao, mji mdogo wa kando ya maji, safari ya siku mbili kwa barabara. Fundi alikuwa huku kwenye mji mkubwa, katika chumba kinachotazama barabara, chenye cherehani mbili, meza ya kukatia na pasi yenye tabia ya kupiga shoti. Siku kimbunga kilipopiga kwao, alipiga simu tangu asubuhi. Inaita, haipokelewi. Anashona mstari mmoja, anapiga. Anakata uzi, anapiga. Karibu na saa sita mchana ikapokelewa. Alitegemea kusikia upepo, akasikia kimya, kimya kabisa, na mtu anayehema kama aliyetoka kupanda ngazi. Halafu sauti ikasema, "Subiri, mwanangu, naja." Ukafuata mshindo kama wa lori linalomwaga kokoto, na simu ikakatika. Alipopiga tena akaambiwa namba anayopiga haipatikani. Aliambiwa hivyo siku tatu nzima.

Siku ya nne alipiga Mjomba, mdogo wake mama, kutoka juu ya kilima alikopanda kutafuta mtandao. Mjomba huyu kwa kawaida hawezi kukusalimia kwa chini ya dakika kumi. Siku hiyo hakusalimia.

"Tumempata mtu ukutani kwenu," alisema. "Mwanamke mtu mzima. Uso... usiniulize habari za uso, mwanangu. Ukuta ulimlalia, na maji yamekaa siku tatu, mwili umevimba. Amevaa gauni la bluu lenye maua meupe."

Fundi alikuwa na pini tatu midomoni, na hakukumbuka kuzitoa. Gauni la bluu lenye maua meupe alilituma mwaka ule ule.

"Pindua pindo, Mjomba," alisema huku pini zikimchoma. "Nipigie picha ya ndani."

Picha ikaja. Vidole vya Mjomba vyenye tope vimeshika ncha ya kitambaa, na kwenye kitambaa, mshono kwa mshono, uzi mwekundu. Hata pale alipoongeza fundo mara mbili kwa kuwa uzi ulikuwa umekatika alipaona.

"Ndiye," alisema. "Mzikeni."

Hakuomba kuona kingine. Angeomba kingine cha nini? Mwenye macho haambiwi tazama, na yeye alikuwa ameona kazi ya mikono yake. Alikata simu, akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake kwa mpangilio. Kisha akakaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa.

Aliyemwinua ni Jirani. Jina hili lilikuwa la kweli kuliko majina mengi. Walizaliwa nyumba mbili zinazopakana, wakachangia ua mmoja wenye tundu lililochimbwa na kuku, na hata walipokuja mji mkubwa walipanga vyumba vinavyotazamana mlango kwa mlango. Jirani alifanya usafi zahanati ya ng'ambo ya barabara. Alivuka akiwa na mabuti ya mpira na harufu ya dawa, akamkumbatia Fundi pale pale chini, akalia kwa sauti kuliko mfiwa.

"Na wako?" Fundi aliuliza baadaye sana.

"Nyumba haipo. Yeye hajaonekana." Jirani alipangusa pua. "Usinifikirie mimi leo. Leo ni siku yako."

Mama yake Jirani alijulikana kwa jina la Mama Kuku. Alifuga kuku jikoni, akawapa majina, akawagombeza kama watu wazima. Kuku, watoto na wachuuzi wote aliwaita kwa pumzi moja, akivuta neno la mwisho mpaka likafika barabarani. Yeye na mama yake Fundi waliishi ukuta kwa ukuta miaka arobaini. Waligombana kila juma juu ya mavi ya kuku na wakapatana kila juma juu ya kikombe cha chai. Walifika mahali hata kikohozi walikohoa sawa.

Watu wa kwao waliokuwa mji mkubwa wana umoja wao. Mwenyekiti ni dereva wa lori, mtu mwenye kifua, anayeendesha mkutano na gari kwa sauti ile ile. Alitangaza kwamba lori litaondoka siku ya tisa, na kwamba kila mwenye kitu alete. Watu walileta. Mablanketi, sufuria, sabuni, mabati, maturubai. Na nguo, mlima wa nguo, ambao ulimwagwa chumbani kwa Fundi ili auchambue.

Msiba una maajabu yake. Watu wenye huruma ya kweli, machozi yakiwa bado machoni, wanakwenda nyumbani kufungua kabati na kutoa visivyowafaa. Palikuwa na viatu vya visigino virefu, vyote vya mguu wa kushoto. Palikuwa na tai tisa. Palikuwa na gauni la harusi lenye doa la mchuzi, na nguo ya kuogelea, kwa ajili ya watu ambao maji yalikuwa yamewatosha.

"Hii nayo?" Jirani aliinyanyua nguo ya kuogelea kwa vidole viwili. "Mtu alikaa akafikiri kabisa?"

Fundi hakucheka. Alirudisha vifungo, akabadilisha zipu, akashonea maturubai mapindo ili yasichanike kambani. Kila baada ya muda alisimulia upya. Alisimulia kwa wateja, kwa Mwenyekiti, kwa kila aliyepita kutoa pole: "Alipokea simu yangu. Aliniambia, 'Subiri, mwanangu, naja.' Hilo ndilo neno lake la mwisho." Alilisema kwa sauti ya mama yake, ya chini, ya taratibu, na kila mara Jirani alimpangusa machozi kwa kiganja.

Ili amchekeshe, Jirani aliigiza mama yake mwenyewe akifukuza kuku kitandani. "Tokaaa! We mshenzi we, tokaaa!" Alikuwa akimwigiza vizuri mno. Siku ile tu Fundi alitabasamu kidogo.

Siku ya nane ikaja orodha. Mtu wa misaada alilipiga picha daftari la kambi moja, shule iliyoko kwenye miinuko, walikopelekwa waliookolewa kwa malori siku ile ile ya kimbunga. Waandikaji walikuwa wameandika walivyoweza. Katikati ya ukurasa palikuwa na mstari huu: *Bibi mwenye kuku. Mzima. Mguu umeteguka.*

Jirani alisoma, akasoma tena, akatupa simu juu ya mlima wa nguo, akaanza kuzunguka chumba na mabuti yake. "Ana kuku! Kimbunga kizima, ametoka na kuku! Nani mwingine? Niambieni, nani mwingine duniani?" Watu walicheka na kulia. Mungu hamtupi mja wake, walisema. Mwenyekiti alipiga honi mpaka majirani wakatoka nje.

Fundi alimkumbatia. Na tuseme ukweli, maana hadithi isiyosema ukweli ni porojo: alimwonea wivu. Alimwonea wivu mpaka meno yakamuuma. Alijiuliza kwa nini yule mwenye kuku na si wangu, kisha akajichukia, akaingia nyuma ya pazia la kupimia nguo na kukaa humo mpaka uso uliporudi mahali pake.

Waliondoka siku ya tisa alfajiri, wanawake wawili mbele na Mwenyekiti, wengine juu ya mizigo. Fundi alipakata cherehani ya mkono. Jirani alipakata mfuko wenye malapa mapya, ya kijani, aliyomnunulia mama yake. Njia nzima aliyatoa, akayatazama, akayarudisha.

"Namba saba itamtosha?" aliuliza. "Miguu imevimba, lakini itamtosha."

Kwao hapakuwa pale walipopaacha. Hakuna namna nyingine ya kusema. Picha za simu zilikuwa zimewaonyesha mabati yaliyokunjamana na miti iliyong'oka, lakini picha hazionyeshi kwamba huwezi kuijua barabara uliyokulia. Fundi alitafuta kona ya duka la mafuta ya taa, na kona haikuwepo. Mlango ulisimama peke yake na fremu yake, umefungwa kwa kufuli, bila nyumba. Kabati la vyombo lilikaa katikati ya njia na vikombe vyake ndani, hakijavunjika hata kimoja. Watu walizunguka kabati lile bila kuligusa, kana kwamba lilikuwa la mtu aliyekwenda dukani mara moja. Fundi alijikuta anasema, "He. He. He," kama mtu anayepigwa mgongoni, na hakuweza kuacha.

Walishusha mizigo. Watu walisimama kwenye mstari, kimya, wakapokea blanketi kwa mikono miwili. Mzee mmoja alichukua tai. Aliitumia kufungia mlango.

Mjomba aliwapeleka kaburini, kwenye kiwanja cha juu ambako maji hayakufika. Makaburi yalikuwa mengi na yote mapya, kwa hiyo alilazimika kuhesabu kwa kidole. Fundi alisimama mbali. Alikuwa amesafiri siku mbili ili afike pale, na hatua kumi zilimshinda. Jirani ndiye aliyekwenda. Alivua mabuti, akapiga magoti, akaondoa majani na kipande cha bati, kisha akakusanya mawe na kuyapanga kuzunguka lile kaburi, moja moja, akitafuta ya kulingana. Alipomaliza alipapasa udongo kwa kiganja.

"Pumzika, mama," alisema. "Mwanao nitamtunza mimi."

Fundi alimsikia, na moyo ukamjaa. Alifikiri: heri jirani huyu kuliko ndugu kumi.

Kambi ilikuwa mwendo wa saa mbili juu ya miinuko. Walifika jua likiwa kali. Shule ya vyumba sita, madawati yamerundikwa nje, nguo zimeanikwa kwenye goli la mpira. Msichana wa daftari alicheka alipoulizwa. "Bibi mwenye kuku? Nani asiyemjua! Chumba cha mwisho. Tumemwomba huyo kuku tumchinje, katutukana."

Jirani alianza kukimbia, malapa mkononi. Fundi alimfuata, lakini alipofika barazani alisimama. Ile ilikuwa furaha ya mwenzake. Hakutaka kuingia nayo machozi yake. Alijibanza kando ya mlango, akasubiri vigelegele.

Hakuna vigelegele.

Alisikia kuku akilia kidogo, basi. Kisha Jirani akatoka. Alitoka kinyumenyume, taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu. Malapa alikuwa bado ameyashika. Uso wake haukuwa na kitu. Haukuwa na furaha wala huzuni.

"Fundi," alisema. "Ingia."

"Kuna nini? Amezidiwa?"

"Ingia wewe."

Ndani palikuwa na mikeka na watu wamelala. Kwenye ukuta wa nyuma, mguu mmoja umefungwa bandeji, aliketi bibi mmoja mwembamba, kuku mwekundu mapajani, amefungwa kwa utepe. Alivaa shati la kiume la msaada. Jambo la kwanza Fundi aliloliona, kabla ya uso, kabla ya chochote, ni mishono. Mishono yote ya shati ilikuwa nje. Bibi alikuwa amelivaa ndani nje.

Mwili wa Fundi ulijua kabla ya akili yake.

"Nani huyo?" bibi aliuliza, akikaza macho kwenye mwanga wa mlango. "Mbona mnaingia mnatoka? Sema, wewe nani?"

"Mama," Fundi alisema. Na kwa kuwa mtu aliyepigwa na jambo kubwa hushika lililo dogo, aliongeza, "Mama, umevaa ndani nje."

"Ah!" Mama alipiga kelele iliyowaamsha wote. "Mwanangu! Nitajuaje, mwanangu, hawakuweka nyekundu!"

Fundi alianguka pale mkekani. Alimshika miguu, mikono, masikio, akamnusa shingoni kama mnyama. Alimwambia mama, umekufa, mama, nimekuzika, mimi mwenyewe nimesema uzikwe, na mama akacheka na kumpiga makofi madogo shavuni. Kuku alipiga mbawa katikati yao. Wagonjwa wakaanza kuwapigia vigelegele, vile vile alivyovisubiri, na Fundi alivisikia kutoka mbali sana.

"Simu ndiyo iliyoniponza," mama alikuwa akieleza. "Namba zenu zote zimo kwenye simu. Kichwani sina hata moja. Nikawaambia hawa jina langu, wakasema ngoja bibi, wakaandika kuku." Kisha akainua kidevu. "Na yule aliyeingia kwanza ni mwenzako, sivyo? Nimemjua kwa mwendo. Njoo, mwanangu, kuku wa mama yako huyu hapa, mzima. Mama yako yuko wapi? Alinipa nimshikie."

Jirani alikuwa amesimama mlangoni.

Fundi aliinua kichwa kutoka kifuani pa mama yake. Furaha aliyokuwa nayo ilisimama mahali pamoja, kama cherehani inaposhika uzi. Hakutaka kuuliza. Aliuliza.

"Mama. Lile gauni la bluu liko wapi?"

"Nilimpa mama yake. Upepo ulikuwa umemwezulia bati, akaja kwangu amelowa chepechepe, anatetemeka. Nikamwambia chukua hili, mwanangu ameleta. Unajua alivyokuwa akilionea choyo." Mama alicheka. "Alilivaa akajigeuzageuza, nyumba inatikisika. Akaniambia, sikurudishii."

Jirani aliinama, akayapanga malapa vizuri pembeni ya mlango, pua zikitazama nje, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Kisha akatoka miguu mitupu.

Mama alikaza macho. Haoni vizuri, lakini mjinga hakuwa. Alitafuta mkono wa Fundi, akaubana.

"Ni nani mliyemzika?" alinong'ona.

Fundi akamwambia.

Bibi alimkuna kuku shingoni. Alipozungumza tena, alizungumza kwa sauti ya kuibaiba. Upepo ulinyamaza ghafla, alisema. Jua likatoka kabisa, wakadhani kimekwisha. Hawakujua kwamba kimbunga kina tundu katikati. Likaja lori, watu wakaitwa wakimbie. Walikuwa wameshafika barabarani, yeye na Mama Kuku, wakati simu ilipoanza kulia ndani ya nyumba. Mlango ulikuwa wazi na mji mzima umetulia, kwa hiyo waliisikia.

"Nilisema, ni mwanangu huyo, nimeisahau. Nikataka kurudi. Akaniambia, wewe huoni, utajikwaa, nishikie kuku. Akaenda yeye." Mama alimvuta kuku karibu. "Halafu upepo ukarudi, kutoka upande wa pili. Lori halikusubiri. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha."

Fundi alihesabu mishono ya shati la mama, akafika mwisho wa bega, akaanza upya.

"Hilo la simu," mama alisema, "usimwambie. Nakuomba kwa maziwa uliyonyonya. Mwambie alirudi kuchukua kuku waliobaki. Ataamini. Kila mtu ataamini. Lingine litamuua, na litakuua wewe."

Jirani aliketi kwenye ukingo wa bomba la shule, miguu kwenye tope. Fundi alikaa kando yake. Si karibu kama siku zote. Aliacha nafasi ya mtu mmoja. Watoto wa kambi walikuja na ndoo, wakawatazama, wakaondoka bila kuchota.

"Nimempangia mawe," Jirani alisema mwishowe. "Nikamwambia nitamtunza mwanao."

"Ndiyo."

"Ulijuaje ni mama yako?"

"Pindo."

"Pindo." Alitikisa kichwa kama anayejifunza neno geni. "Hukumwambia Mjomba atazame mikono? Mama yangu ana kovu la mdomo wa jogoo hapa. Kubwa. Hata kipofu angeliona."

"Sikumwambia. Nilikuwa na hakika." Fundi hakuongeza kisingizio. Hapakuwa na kisingizio.

"Nilikuja na malapa," Jirani alisema. "Siku tatu nimekuwa na mama. Mwenzako usiku analala na mama yake hai kichwani, kumbe..." Hakumaliza. Hakulia pia, macho yalikuwa makavu na makubwa. "Lori lilikuwepo. Mama yako alipanda. Yeye alimwachia kuku akarudi ndani kufanya nini?"

Hapo sasa. Jibu lilikuwa limeshashonwa tayari, limepigwa pasi, linangoja kuvaliwa. Kuku. Neno moja tu, na hata si uongo mbaya; mtaa mzima ungetikisa kichwa na kusema, ndivyo alivyokuwa, Mungu amrehemu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ingefika mbali. Ingewafikisha wote wawili uzeeni. Fundi alifungua mdomo, na neno likaja mpaka kwenye ulimi.

Kisha akakumbuka ile sauti. Siku kumi na moja ameibeba, ameisimulia kwa kila mpita njia, na huyu hapa ndiye aliyempangusa machozi kila mara. Haikuwa mali yake. Akisema kuku, atabaki nayo milele, na mwenye haki nayo hatajua kamwe kwamba iko.

"Simu ya mama ililia," alisema. "Nilikuwa nimepiga mimi. Mama yangu haoni, kwa hiyo mama yako akarudi kuipokea."

Jirani aligeuka.

"Akaipokea," Fundi alisema. Aliikalia mikono yake. "Yule niliyemsikia hakuwa mama yangu."

Kwa muda ilikuwa kama Jirani hakuelewa. Halafu kiganja chake kikapanda mdomoni, kikakaa hapo. Alitoa sauti ndogo, nyembamba, kama zipu inayofunguliwa. Alisimama, akaenda mpaka kwenye goli la mpira, akashika nguzo, akaipiga kichwa, mara moja, mara ya pili. Fundi hakumfuata. Hakuwa na haki ya kumfuata. Alibaki ameketi, akingoja atukanwe, akitamani atukanwe.

Jirani alirudi. Paji la uso lilikuwa na alama ya kutu. Alisimama mbele ya Fundi, akimzibia jua.

"Umenisimulia mara ngapi neno lile?"

"Nyingi."

"Umekuwa ukilisema kwa sauti ya mama yako." Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. "Lile si lake. Lirudishe. Liseme vile ulivyolisikia."

"Sijui kama naweza."

"Weza."

Fundi alifumba macho. Alirudi kwenye chumba chake, kwenye cherehani, simu begani. Kile kimya. Kule kuhema kwa mtu mnene kidogo aliyekimbia. Aliondoa sauti ya mama yake juu ya yale maneno, kwa uangalifu, kama mtu anayefumua mshono bila kuchana kitambaa, na chini yake akaikuta nyingine, ilikuwepo siku zote, safi, yenye haraka, inayovuta neno la mwisho mpaka barabarani.

"Subiri, mwanangu," alisema. "Najaaa."

Bomba lilidondosha maji. Jirani alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayeitwa kutoka uani.

"Ndiye," alisema.